Uzi: Tulibomoa kuta kati ya nyumba zetu Nyegezi, sasa nyumba sita tunaishi ua mmoja

MamaWaNyegezi (mleta uzi)

Salaam wakuu. Mwangaluka kwa wa Mwanza, na habari zenu wa kwingine. Uzi ni mrefu, wenye haraka mniwie radhi.

Novemba 2018 jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliteleza bafuni saa moja jioni. Ni mama mtu mzima, mjane, watoto wake wako Dar na Arusha. Alivunjika nyonga. Akaita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nyumbani napika, redio inaongea. Kutoka bafuni kwake mpaka jikoni kwangu ni hatua kumi na mbili, nilizipima baadaye. Katikati palikuwa na ukuta wa tofali wa futi nane, juu yake chupa zilizovunjwa. Alilala pale sakafuni mpaka saa mbili asubuhi, kijana anayemletea maji alipogonga geti, hakuitikiwa, akaja kuniuliza kama bibi amesafiri.

Alipona. Anatembelea fimbo, na uzi huu mjukuu wake atamsomea.

Ukuta ule tuliujenga sisi, mimi na marehemu mume wangu, mwaka 2011 baada ya kuvunjiwa na kuibiwa. Wiki zote nilizokuwa naenda kumwona wodini nilishindwa kumtazama usoni. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, weka njia pale."

Basi tukaweka njia. Fundi alikata uwazi wa mita moja, akapiga lenta juu ili ukuta usipasuke, akasakafia kingo. Mlango hatukutia. Mwezi wa pili jirani wa nyuma akaona watoto wetu wakitoka shule wanapita pale huku na huku, wake wamefungiwa ndani na televisheni. Akaja na fundi yule yule. Hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka, mpaka leo tuko nyumba sita zilizopeana migongo. Ukuta wa nje unaotazama barabara tumeuacha, na geti linafungwa saa nne usiku. Za ndani zimebaki vipande, vingine tumevigeuza mabenchi.

Katikati pana jiwe. Wa Mwanza mnaelewa, hapa kiwanja bila jiwe ni cha kutafuta kwa tochi. Lile letu lilikuwa limekatwa na kuta tatu, kila mtu ana kipande cha jiwe asichoweza kukitumia kwa lolote. Sasa ndilo baraza letu. Jioni linakuwa bado na joto la jua, wazee wanakaa, watoto wanateleza juu yake. Wasukuma wazee wanaijua shikome, ule moto wa jioni ambapo wanaume walikaa na vijana wakawapa habari za ukoo na za dunia. Sisi moto tunawasha Jumamosi, na wanawake tupo.

Tuna matangi mawili ya lita 5,000 yanayovuna mvua ya mabati ya nyumba tatu. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 20, ni lita 1,600, toa kidogo kinachomwagika. Mabati matatu ya namna hiyo, mvua moja nzuri ya vuli, tangi moja limekaribia kujaa. Zamani kila mmoja alikuwa na tangi dogo, linajaa robo saa, maji yanayobaki yanateremka kilimani kuwachimbia wa chini msingi. Tuna friza moja kubwa: mmoja wetu anakwenda Mwaloni Kirumba alfajiri, anachukua sato kwa bei ya jumla, tunagawana. Ngazi moja, toroli moja, jenereta moja. Nyumba sita tulikuwa na ngazi tano, na sijui mtu mmoja anapanda juu ya bati mara ngapi kwa mwaka.

Hili nalirudia kwa kila anayekuja kututazama: kila nyumba ina mlango wake, jiko lake, LUKU yake, mita yake ya maji na hati yake. Ukitaka kukaa ndani kwako siku tatu bila kuona mtu, unakaa. Tutagonga mara moja tu kuuliza kama u mzima.

Nilidhani tumebuni wenyewe. Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwamba huko Davis, California, mwaka 1986 nyumba mbili za kawaida za mtaani ziliondoa uzio uliokuwa kati yao. Nyumba ya jirani ikiuzwa au ikikosa mpangaji, akaingia mtu anayependa maisha yale, uzio mwingine ukaondoka. Panaitwa N Street, leo ni nyumba karibu ishirini, wapangaji nao wamo, na nyumba moja ina jiko na sehemu ya kulia ya wote. Hawakununua shamba wala kuchora ramani mpya.

Wazo lenyewe lilitokea Denmark. Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer na wenzake walianza kutafuta namna ya familia kuwa na nyumba zao, lakini zikitazamana kwenye eneo la wote. Walipata ardhi, majirani wa pale wakawapinga, mpango ukafa. Mwaka 1967, mwaka wetu wa Azimio la Arusha, mama mmoja aitwaye Bodil Graae akaandika gazetini kwamba mtoto anapaswa kuwa na wazazi mia. Watu wakajitokeza, na mwaka 1972 familia zikahamia Sættedammen, nyumba 27. Nilikaa sana na ile habari ya majirani kupinga. Wale walianza na ardhi, wakawakuta majirani mbele yao wamesimama. Sisi watu tulikuwa nao tayari, tena kila mmoja na ardhi yake. Kilichokuwa kinatuzuia ni tofali.

Sasa yaliyotushinda, maana sikuja hapa kuuza viwanja.

Tulianza kwa kupika pamoja kila jioni. Tulidumu siku kumi na tisa. Mmoja ni muuguzi wa zamu, mmoja ana genge Buhongwa anarudi saa tatu usiku, mmoja ni mvuvi analala mchana. Kila jioni mpishi ni yule yule, na mpishi akichoka anaanza kuhesabu vijiko vya wenzake. Sasa ni chakula cha mchana Jumamosi kwa wote, na Jumatano jioni kwa watoto. Kuku anachinjwa na baba wa nyumba ya tatu ambaye ni Mwislamu, ili pasiwe na wa kubaki na njaa wala wa kuuliza maswali mezani.

La pesa linaniuma zaidi. Mtunza hazina wa kwanza nilikuwa mimi, na hesabu niliziweka kichwani. Mwezi wa nne zikapungua shilingi elfu themanini na tano. Sikuzila, lakini sikuweza kuonyesha zilikokwenda. Nikazilipa kutoka mfukoni, na kwa miezi miwili nilikuwa nasikia mazungumzo yanapungua sauti nikipita. Tangu hapo daftari linaandikwa na mmoja, pesa inashikwa na mwingine, na kila Jumamosi ukurasa unasomwa kwa sauti kabla ya chakula. Baadaye tukajiandikisha halmashauri kama kikundi cha huduma ndogo za fedha cha kijamii. Sheria inataka wanachama 10 hadi 50, sisi watu wazima tuko 14, tukatosha.

Naomba wadau mniambie: kuna mwingine amejaribu hivi, Mwanza au popote? Na nyumba zikirithiwa, nyie mnafanyaje? Sisi hilo bado linatukosesha usingizi.

JiweKwaJiwe

Mama, hongera, na pole ya jirani.

Mimi ni wa Igogo, mlimani kabisa. Huku kwetu kuta hizo hatukuwahi kuwa nazo, hakuna pa kuziweka. Mlango wangu unafunguka kwenye bati la jirani wa chini. Simenti inapanda kichwani, maji yanapanda kichwani, mgonjwa anashuka kwa machela, na maiti inashuka hivyo hivyo mikononi mwa majirani. Ngazi za mawe za kutoka kwangu mpaka barabarani tulizijenga kaya kumi na moja, kila kaya siku yake ya kubeba kokoto. Hatukuwa na jina la jambo hilo.

Nikupe la majitaka, kwa sababu ndilo lililotufunza. Juu ya mwamba huwezi kuchimba shimo la choo. Miaka mingi watu walikuwa wanasubiri mvua wafungulie, uchafu unashuka mpaka ziwani, na maji ya ziwa ndiyo hayo tunayovutiwa Capri Point kuja kunywa. Ulipokuja mradi wa mabomba membamba ya majitaka, yale yanayopita kati ya mawe na uani mwa watu, bomba lilikuwa haliwezi kufika kwangu bila kupita kwa jirani wa chini, na kwake bila kupita kwa wa chini yake. Chemba moja inakusanya nyumba kadhaa. Mmoja akisema hapana, wa juu wote wamekosa. Palipokuwa na watu waliogombana, bomba lilichelewa au likazungushwa. Palipokuwa na watu waliozoea kubebeana simenti, mafundi walimaliza upesi wakahamia kwa wengine.

Na chemba ikiziba ni ya wote. Sisi tuna zamu ya kuifungua na kuangalia kila mwisho wa mwezi. Ukitupa nepi humo, jina lako linajulikana siku hiyo hiyo.

MpangajiMabatini

Mama, naheshimu uliyoandika ila mimi nitasema ya upande wa pili.

Nimekaa nyumba za kupanga miaka kumi na minne. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba nane, uani choo kimoja na bafu moja. Huo si ndio ua mmoja? Nimeona LUKU ikiisha saa mbili usiku, watu wanane tumekaa gizani kila mmoja anasema yeye alichanga. Nimeona pasi ikiwa sababu ya watu kushikana mashati. Dada wa chumba cha tano aliondoka kwa sababu majirani walijua mumewe anarudi saa ngapi, na amekula nini, na wamelala wakiwa wamekasirikiana. Siku nikipata kiwanja changu, samahani mama, kitu cha kwanza nitajenga ukuta.

MamaWaNyegezi

Mwanangu wa Mabatini, usiombe samahani, uliyosema ni kweli. Mimi nami nimepanga Mbugani miaka sita, nayajua hayo ya pasi.

Ila tazama kilichokutesa. Choo kimoja watu wanane: hukukichagua, alikichagua mwenye nyumba. LUKU moja: uliwekewa. Jirani wa chumba cha tano hakuna aliyekuuliza kama unamtaka. Na mlikuwa hamna kikao, aliyekuwa na neno la mwisho anakaa kwingine anakuja kuchukua kodi. Sisi vitu vinavyogombanisha watu kila siku, choo, umeme, jiko, tumeviacha kila mtu na chake. Tulivyounganisha ni vile mtu mmoja havimudu au havihitaji kila siku: tangi, friza, jenereta, kivuli cha mwembe, jicho la kuangalia watoto. Na la kujulikana unalala saa ngapi, tuna desturi: pazia la mlango wa uani likiwa limeshushwa, hatugongi, isipokuwa imepita siku nzima.

Ukijenga ukuta wako, nitakuombea tu uache sehemu moja ya lenta. Siku moja ukitaka kukata, haitakugharimu.

Kijana_wa_Kiseke

Kwa hiyo hii ni ujamaa umerudi?

MzeeKwimba65

Kijana, ngoja nikujibu mimi niliyeuona.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kwimba. Operesheni Vijiji, ile ya vijiji vya ujamaa, ilipofika tuliambiwa tuhamie kijijini, na haikuwa kuombwa. Boma la babu liliachwa na mihogo shambani. Nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Mama akawa anatembea saa mbili kwenda shamba lilelile lililokuwa nyuma ya nyumba. Ng'ombe wakakosa malisho ya karibu. Babu hakukataa kukaa karibu na watu, maisha yake yote alikaa na watu. Aliumia kwa sababu aliwekwa karibu na watu ambao hakuna aliyemuuliza kuwahusu, mahali asipopachagua, na wakubwa waliopanga hawakulala hapo hata usiku mmoja.

Kabla ya hapo Wasukuma tulikuwa na kazi za pamoja zenye sheria kali kuliko za serikali. Vijana walikuwa na viongozi wao, basumba batale. Wakipiga mwito wa kulima kwa fulani, unakwenda. Usipokwenda bila sababu, unatozwa, na siku yako ikifika utalima peke yako. Ila ulikuwa unamjua kila aliye kwenye mstari, na kesho zamu ni yako. Alichoandika huyu mama kinafanana na hicho. Hakuna lori la kuhamisha watu lililokuja Nyegezi.

Nyumba kumi za balozi nazo nadhani zilitufunza kitu. Watu kumi, kumi na watano, unawajua kwa sauti. Wakizidi hapo unahitaji ofisi. Mama, msikimbilie nyumba ishirini kwa sababu Wamarekani wamefika huko.

MamaWaNyegezi

Shikamoo mzee. Umenigusa. Hatutakimbilia.

Neema_M

Mimi swali langu ni moja na naomba jibu la kweli. Nina mabinti wawili, miaka saba na kumi na moja. Kuta zikibomoka, wanaume wa nyumba tano na wageni wao wote wanapita karibu na watoto wangu. Mlifanyaje?

MamaWaNyegezi

Dada Neema, swali hili lilikuja kikao cha kwanza, na baba mmoja alikasirika akaona ametukanwa. Tulimwacha akasirike, tukaendelea.

Tulikubaliana hivi. Mtoto haingii ndani ya nyumba isiyo ya kwao mlango ukafungwa, haijalishi ni nyumba ya nani. Michezo ni uani, panapoonekana na madirisha ya jiko ya nyumba zote sita, na benchi tulilipanga kwa kufikiria hilo. Mgeni wa kulala zaidi ya siku tatu anatambulishwa kwa wote, anaonekana, jina lake linajulikana. Watoto tuliwafundisha kwamba hakuna siri ya mtu mzima na mtoto, na kwamba wanaweza kumwambia mama yeyote kati ya sita, si lazima awe wao.

Mwaka 2022 ndugu wa mwenzetu mmoja alikuja kukaa kutafuta kazi. Mtoto wa nyumba nyingine akamwambia bibi, yule yule wa nyonga, kwamba anko anawapa pipi akiwaambia wasiseme. Hakuna kibaya kilichokuwa kimetokea. Jioni ile ile tulikaa kikao, na usiku hakulala pale. Mwenzetu alilia, ni damu yake, na mwezi mzima hakuja Jumamosi. Alirudi. Ninachojua ni kwamba kungekuwa na ukuta, mtoto yule asingekuwa na bibi wa kumwambia. Hilo naliamini, ila nakuelewa ukitaka kusubiri mpaka uwajue majirani vizuri. Subiri. Usikimbizwe na mtu.

Bikoni

Nimefanya kazi ya ardhi mpaka nikastaafu, naomba nichangie kwa mama na kwa wote wanaofikiria jambo hili, maana naona mioyo mizuri na makaratasi machache.

Kubomoa ukuta hakubadilishi mpaka. Mpaka ni bikoni, zile nguzo fupi za zege alizoweka mpima. Kabla fundi hajaanza, zitafuteni zote, zisafisheni, zipigeni picha, na msizifunike na sakafu ya baraza wala msingi wa tangi. Nimeona familia zikigombana miaka tisa kwa sababu bikoni ilikuwa chini ya banda la kuku.

Msiunganishe viwanja kuwa hati moja. Inavutia kwenye kikao, ila mmoja akifariki au akitaka kuuza, mmefungana wote. Bakini na hati zenu, halafu andikeni makubaliano ya kupita na kutumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwenye kiwanja kimoja kupita au kupitisha bomba kwenye kiwanja cha mwenzake, na haki hiyo inaweza kusajiliwa. Ikisajiliwa inamfunga hata mrithi na mnunuzi. Ikiwa ya mdomo, inakufa na waliopatana. Mama, hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la urithi, angalau nusu yake. Tafuteni wakili mmoja kwa wote sita, gharama mgawane, na nakala ikae kwa mtendaji wa mtaa.

Wanandoa wote wawili wasaini. Nyumba ya familia haishughulikiwi na mmoja, hata kama hati ina jina moja.

Kwa walio kwenye makazi yasiyopimwa, wenye leseni ya makazi au karatasi ya mauziano tu, msivunje ukuta kabla hamjachora mchoro wa pamoja wenye vipimo kutoka kwenye vitu visivyohama: jiwe, nguzo ya umeme, kona ya nyumba. Sainini wote mbele ya mwenyekiti. Siku urasimishaji ukipita, mpima atawauliza mpaka uko wapi, na ukuta hautakuwepo wa kujibu.

Mkikosana, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui tena tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mtaulizwa maandishi.

MamaWaNyegezi

Baba, Mungu akubariki. Nimemsomea bibi hii ya bikoni. Kesho asubuhi tunazitafuta. Nina wasiwasi moja iko chini ya tangi la pili.

Bikoni

Kama tangi liko juu ya tofali na si zege, lihamisheni sasa likiwa tupu, kabla ya masika. Msisubiri.

JiweKwaJiwe

Naongezea kwa walio mlimani kama mimi. Ukiondoa ukuta, angalia kama ulikuwa unazuia udongo au maji. Kuta nyingi huku zilijengwa kama uzio, ila ndizo zinazoshikilia ua wa juu usimwagike kwa wa chini. Ng'oa huo kabla ya mvua uone. Bora kukata njia na ngazi, ukuta ubaki.

Kijana_wa_Kiseke

Wakuu, nilipouliza lile swali la ujamaa nilikuwa nauliza kwa haraka. Nimesoma uzi wote mara mbili. Mzee Kwimba, shikamoo, nimekuelewa.

Mimi nimehamia Kiseke mwaka wa tatu huu. Jirani wa kulia ninajua gari lake, sijui jina lake. Wa kushoto tumesalimiana mara nne. Mke wangu anajifungua mwezi wa saba, mama yangu yuko Sengerema, hawezi kuja kukaa zaidi ya wiki mbili. Mama, mtu kama mimi anaanzia wapi? Siwezi kwenda kumgongea mtu geti nikamwambia tubomoe ukuta.

MamaWaNyegezi

Usiseme ukuta kabisa, mwanangu. Sisi tungeanza kwa kusema ukuta tusingefika.

Mtaa wenu una vyombo vya msiba? Turubai, viti, sufuria kubwa, majagi? Kama hamna, anza hapo. Ni kitu ambacho kila mtu anajua atakihitaji na hakuna anayetaka kukinunua peke yake. Nyumba nane, kila moja elfu kumi kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi laki tisa na sitini elfu, mna turubai na viti vya kuanzia. Ila thamani yake kwako iko kwingine. Mtakaa kikao. Utamjua anayelipa kwa wakati, anayesema sana, anayekuja kusaidia kukunja turubai usiku wakati wengine wamelala. Huyo wa kukunja turubai ndiye wa kumwambia mkeo anajifungua mwezi wa saba.

Vyombo vikae kwa nani? Hapo nawaonya: visikae kwa mwenye nyumba kubwa. Vikae kwa yule ambaye geti lake ni rahisi kugongwa saa nane usiku.

Neema_M

Mama asante kwa jibu la kweli. Bado nafikiria. Nimeanza na kitu kidogo, nimempa mama wa jirani namba yangu na ya mume wangu, naye amenipa yake. Miaka mitano hatukuwa nazo.

Kijana_wa_Kiseke

Narudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Vyombo vya msiba tayari mtaa unavyo, nilikuwa sijui, na wala hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuwahi kwenda msibani hata mmoja. Nimelipa kiingilio na michango ya nyuma. Jumapili iliyopita tulikuwa na msiba wa mzee wa mwisho wa barabara. Nilibaki kukunja turubai. Tuliobaki tulikuwa watatu: mimi, dereva mmoja wa daladala, na yule jirani wa kulia mwenye gari. Anaitwa baba Kulwa. Ana mapacha wa darasa la kwanza. Mkewe ni mkunga.

Jana jioni alikuja na tochi. Tulitembea kando ya ukuta wetu tukitafuta bikoni. Tumezipata mbili, ya tatu iko kwake chini ya kichaka cha mchongoma. Amesema Jumamosi atafyeka. Mama, lenta ya mita moja inahitaji nondo ngapi na za milimita ngapi?

MamaWaNyegezi

Fundi wetu alitumia nondo nne za milimita 12 na ringi, ikazidi kingo sentimita 20 kila upande. Ila mwambie fundi wenu aje aone ukuta kwanza, hasa kama ni tofali za kuchoma.

Jumamosi mkimaliza kufyeka, njooni Nyegezi na baba Kulwa na wamama na watoto. Tuna sato na ugali wa muhogo. Bibi anataka kumwona huyo mkunga.